Mtaa Mzima Unajua Windows

Wako watu ambao wakikuta kitu cha mwenzao kinafanya kazi, mikono inawawasha. Mpwa wangu ni wa kundi hilo. Anasoma mambo ya kompyuta chuoni, na kila likizo akija kwetu hula ugali wangu huku akiitupia mashine yangu pale mezani jicho la huruma. Nilishamzoea. Aliwahi kuniondolea kivinjari nilichokizoea akaniwekea kingine, nikanyamaza. Aliwahi kunipangia mafolda yangu upya kwa miaka, mpaka leo barua za benki nazitafuta kwa kunusa, nikanyamaza vilevile. Safari hii alikuja na hoja yenye tarehe.

“Mjomba, unajua Windows 10 wameshaiacha? Tangu tarehe 14 Oktoba 2025.”

“Mbona inawaka?”

“Kuwaka itawaka, mjomba. Ila wenyewe hawaitengenezei tena viraka vya usalama. Tundu likigunduliwa leo, linabaki wazi.”

Nikasema basi tuhamie Windows 11, yaishe. Akacheka kile kicheko cha mtu aliyelipiwa ada. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, kama mashine yako ni ya Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane na kuendelea, ukitoa chache sana, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Yangu ni Core i5 ya kizazi cha sita, mtumba ulioshuka na kontena, nikaununua Kariakoo ukiwa bado na kibandiko cha ofisi ya watu huko Ulaya. Haina ugonjwa wowote. Betri inakaa. Herufi zote zimo isipokuwa Q, ambayo mwandishi wa Kiswahili hana haja nayo. Lakini ndiyo hivyo, imestaafishwa kwa lazima, tena bila kiinua mgongo.

Huruma kidogo ipo, akanieleza. Unaweza kuongezewa mwaka mmoja wa viraka, hadi Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30 au kwa kuiunganisha mashine na akaunti yako huko kwao. Alipolitaja neno dola niliacha kusikiliza.

“Kwa hiyo tuweke Linux, mjomba. Ni bure.”

Bure! Huyu mtoto amekulia wapi? Nani mtaani kwetu aliwahi kulipia Windows? Msimamishe mtu yeyote hapa Tabata umuulize Windows inatoka wapi. Hatakutajia Marekani. Atakunyooshea kidole kibanda cha pale kona, kati ya muuza chipsi na duka la dawa. Kijana wa pale anarusha nyimbo kwenye flashi, anapiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu, anatoa kopi, na anapiga Windows. Unampa elfu kumi, ukijua kubembeleza elfu saba, na hiyo ni ya mkono wake. Programu yenyewe imo kwenye flashi inayoning'inia pamoja na ufunguo wa pikipiki yake, na sijamsikia mtu akiuliza imefikaje pale.

Tena kupiga Windows ni dawa ya kila ugonjwa. Mashine nzito? Piga Windows. Spika kimya? Piga Windows. Mtoto kamwaga uji kwenye kibodi? Kijana atanusa, atapuliza, atawaza, kisha atasema tuipige Windows kwanza tuone. La kushangaza ni kwamba mara nyingi inapona. Ukimkosa yeye, yupo mwingine mtaa wa pili, na mwingine stendi, na binamu wa jirani, na yule dada wa steshenari. Mtaa mzima unajua Windows. Hilo mpwa wangu hakuliweka kwenye hesabu zake, na ndilo lililonigharimu.

Alitaka tuweke Ubuntu, toleo la 24.04. Ilibidi tupakue faili la karibu GB 6, kwa bando langu. GB 6 mimi ni za mwezi, tena mwezi wa kujibana. Lilishuka usiku kucha kupitia simu yangu, na ndugu wote walishapewa onyo wasipige, maana simu ikiita intaneti inakatika. Likiwa linashuka, nikapewa historia nisiyoiomba. Kwamba mwaka 1991 kijana wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliwatangazia wenzake kuwa anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa kitu kikubwa. Leo kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na huo wa kujifurahisha.

“Hata hiyo simu ya Android uliyoshika, mjomba, ndani yake ni Linux.”

Nikaitazama simu. Ilikuwa asilimia nne za chaji. Nikaanza kuelewa.

Ubuntu yenyewe ililetwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amepanda chombo cha Warusi kwa pesa zake mwenyewe akaenda angani. Toleo la kwanza lilipewa jina la Ngiri Mwenye Chunjua. Hili la 24.04 ni la numbat, kijimnyama cha Australia kinachokula mchwa. Sikubisha. Mtu akishafika angani akarudi mzima, ana haki ya kuita kitu chake jina lolote.

Kumbe tulishakutana. Miaka ile Ubuntu walikuwa wanatuma CD bure kwa posta, popote duniani; unajaza fomu, baada ya wiki kadhaa unazikuta kwenye sanduku la barua. Ofisini kwetu zilikuja za kutosha. Sikumbuki hata moja ikiingizwa kwenye kompyuta, ila nakumbuka vizuri moja iliyomaliza maisha yake chini ya kioo cha dereva wa daladala ya Gongo la Mboto, ikimetameta kila akikanyaga breki.

Kuweka kwenyewe sina la kulalamikia, na hilo lenyewe linaudhi. Niliweka sharti moja tu: Windows yangu isiguswe. Diski ikagawanywa nusu kwa nusu, wakawa wake wenza ndani ya nyumba moja, na kila ukiwasha mashine inakuuliza leo zamu ya nani. Mpwa akaniachia Ubuntu inang'aa, akapanda basi la Dodoma, likizo imeisha.

Nikawasha. Waifai hakuna.

Ikaja kujulikana kwamba kadi ya waifai ya mashine yangu ni ya mtengenezaji ambaye hapendi draiva yake isambazwe huru, kwa hiyo haimo ndani ya mfumo. Unatakiwa uipakue. Nikampigia mpwa wangu.

“Rahisi, mjomba. Fungua sehemu ya draiva za ziada, utaiona, itajipakua yenyewe.”

“Kwa intaneti ipi?”

Kimya. Nikamsikia konda akitangaza dakika kumi za kuchimba dawa.

“Unganisha simu kwa waya,” akasema hatimaye.

Nikaunganisha kwa waya wa chaji. Intaneti ikaja palepale, bila swali. Kwa nini mfumo umtambue mgeni aliyechomekwa ubavuni na usiitambue waifai iliyomo tumboni mwa mashine, bado nangoja wa kunieleza.

Kisha nikatumwa kwenye terminali, lile dirisha jeusi ambalo kwenye filamu ukiliona ujue benki inaibiwa. Niandike sudo, niache nafasi, apt, niache nafasi, update. Likaniomba neno la siri. Nikaandika. Hakuna kilichotokea: hata nyota moja, hata kinukta. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Kialama kinapepesa palepale. Nikafuta, ingawa nilichokuwa nafuta sikioni, nikaanza upya kwa kidole kimoja, herufi moja moja, huku nikizitamka, mpaka mama watoto akapaza sauti kutoka jikoni kwamba sasa hata muuza genge analijua neno letu la siri. Mpwa akaniambia ndivyo lilivyo: herufi zinafichwa ili aliyesimama nyuma yako asijue hata idadi yake.

Nyuma yangu alikuwepo paka.

Ugomvi wa wake wenza ulianzia kwenye saa. Ndani ya kompyuta kuna kijisaa kinachotembea kwa betri yake hata mashine ikiwa imezimwa. Windows hukichukulia kuwa kinaonyesha saa za hapa tulipo. Ubuntu hukiweka kwenye saa za dunia, zile zinazohesabiwa kuanzia Greenwich, halafu hujumlisha tatu zenyewe kupata za Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukitoka kwa bi mdogo ukaingia kwa bi mkubwa, unarudishwa nyuma saa tatu nzima. Saa nne asubuhi inasomeka saa moja. Mimi niliona kasoro. Watoto wangu waliona neema, kwa kuwa sheria ya nyumba ni kwamba katuni mwisho saa mbili usiku.

“Baba, kompyuta inasema saa kumi na moja jioni.”

“Na nje mbona giza?”

“Mawingu.”

Intaneti ikiwepo saa hujirekebisha, lakini bando lililobaki nilikuwa nalitunza kwa mambo ya maana. Dawa nyingine ni amri moja ya kuiambia Ubuntu ifuate saa za hapa, na amri hiyo inaandikwa, bila shaka umeshabashiri, kwenye dirisha jeusi.

Hayo ni ya ndani ya nyumba, yanavumilika. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mtoto wa shemeji yangu, na kama umewahi kushika cheo hicho Dar es Salaam unajua kwamba ni rahisi zaidi kuwa mbunge. Kazi yangu kubwa ni jedwali: jina, ahadi, alichotoa, baki. Jedwali hilo nililirithi kwa katibu aliyejiuzulu, nalo limeandikwa kwa Bookman Old Style, ile fonti ambayo maofisini kwetu barua isipoandikwa nayo haionekani kuwa ya kiofisi. Ubuntu haina Bookman Old Style. Ni mali ya watu. Inakuja na LibreOffice, ambayo ilifungua faili vizuri, ikatafuta fonti inayokaribiana, ikaipanga bila kuniuliza. Kwenye skrini yangu jedwali lilikaa kwa heshima zake. Nikalituma kwenye kundi la WhatsApp. Kwenye simu za wajumbe safu ya baki ilikuwa imesukumwa hadi ukurasa wa pili, peke yake, bila majina.

Ukurasa wa kwanza, basi, hakuna aliyedaiwa. Mjumbe mmoja aliyeahidi laki tatu na kutoa elfu thelathini akaandika, “Asante sana katibu kwa kututambua.” Mwingine akaweka mikono ya kushukuru. Kisha mweka hazina akaandika maneno ambayo katika kamati ya harusi ni sawa na hati ya kukamatwa: “Katibu, tufafanulie kidogo.” Nikafafanua. Nikafafanua habari za fonti na upana wa herufi mbele ya watu arobaini waliotaka kujua hela ya ukumbi iko wapi. Tangu hapo natuma PDF, na mwenyekiti ananuna kwamba hawezi tena kujiongezea majina ya wakwe.

Ndipo nikabeba mashine hadi kona. Kijana wa kibanda akaifungua, akapeleka kipanya chini kushoto kutafuta kitufe cha Start, asikione. Akapandisha juu. Akashusha. Akainua kichwa akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mzee, hii nani kakuwekea?”

Nikamwambia ni mpwa, na kwamba ni ya bure kabisa, hata yeye nikitaka naweza kumnakilia.

“Hii wanatumia wale wadukuzi.”

Waliokuwa wanangoja kopi wakageuka kunitazama. Mmoja akavuta mkoba wake karibu. Kijana akanifungia mashine taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili. “Nikupigie Windows, mzee?”

Dada wa steshenari naye akasema nipige Windows. Binamu wa jirani hakuifungua kabisa. Nikabaki na mashine inayofanya kazi vizuri na sina wa kumlalamikia. Nani aliwahi kunieleza gharama hiyo? Windows ikileta ukorofi, ukorofi huo una watu ndani yake: mnakaa kwenye benchi la kibanda mkingoja asilimia zipande, mnabishana Simba na Yanga, mtoto anatumwa soda, muuza chipsi anachangia utaalamu wake. Ubuntu ikileta ukorofi unabaki peke yako usiku, ukisoma maelezo ya Kiingereza yanayoanza kwa kukushangaa kwamba hujui.

Wala haikulazimu iwe hivi. Mwaka 2004, mwaka uleule wa ngiri na chunjua zake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapo Mlimani, kwa kushirikiana na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice: programu huru ya kuandikia na kupigia mahesabu, menyu zake kwa Kiswahili. LibreOffice ninayogombana nayo ilichipuka kwenye OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Kwenye vibanda vyote nilivyowahi kupelekea mashine sikuikuta. Kibandani hufika kile alichokuwa nacho kijana aliyemfundisha kijana wa sasa, na huyo alikipata kwenye CD ya kunakili kutoka kwa mwingine. Mlimani hadi Tabata ni nauli ya daladala, lakini programu haina nauli.

Halafu kuna printa. Kwenye Windows ilikuwa na CD yake ya draiva, ambayo naiweka bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Niliichomeka kwenye Ubuntu nikiwa nimeshaandaa malalamiko kichwani. Ikachapa. Nikaichomoa, nikaichomeka upande mwingine. Ikachapa, tena rangi safi. Mtu anayeandika safu ya kulalamika anategemea vitu vigome. Vikianza kukubali kwa mpigo mmoja, watoto watakula nini?

Na la flashi. Kila mwenye flashi mtaani anavijua vile virusi vya vijimshale. Unatoka kuchapisha kwa watu, ukifika nyumbani mafaili yako yote yamegeuka njia za mkato, ukibofya hakuna linalofunguka, na kibandani wanakwambia kila kitu kimepotea, dawa ni kufomati. Mama wa jirani alikuja na ya kwake akiwa ameshalia njiani: picha za sendofu ya binti yake. Nikaichomeka kwa sababu tu alikuwa amesimama mlangoni na hajakaribishwa ndani bado. Picha zote zikawa zimejipanga pale, wazi.

Sikufanya muujiza. Virusi hivyo huwa havifuti chochote. Huyapiga mafaili yako alama ya kuyaficha, kisha huweka vijimshale vyao mahali pake. Alama hiyo Windows huiheshimu. Ubuntu haina habari nayo, inakuonyesha kilichopo: folda ya picha, vijimshale, na kirusi chenyewe kimekaa pembeni na jina lake, hakina pa kujificha. Nikafuta visivyo vyake. Mama akajiona kwenye picha ya kwanza, amevaa kitenge cha sare, mikono juu, akapiga kigelegele hapohapo sebuleni.

Lilikuwa kosa la kigelegele, si langu. Kufika magharibi habari zilishavuka barabara. Akaja mwalimu wa madrasa na maswali ya mtihani. Akaja kiongozi wa kwaya. Akaja mtu nisiyemjua kabisa, na flashi tano ndani ya mfuko wa rambo. Wanaingia, wanakaa, wanaangalia televisheni yangu, wanasema wana muda. Usiku mmoja, watu wamepungua, akaja kijana wa kibanda mwenyewe, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Akafungua kiganja. Flashi ya kupigia Windows, na ufunguo wa pikipiki bado umening'inia.

“Nitazamie hii, mzee. Watu wasijue.”

Nikaichomeka. Windows ya mtaa mzima ilikuwa humo, na virusi vimeizunguka pande zote. Nikavifuta. Akashukuru sana, akaniamkia mara ya pili, akaondoka.

Kesho yake kibandani kulikuwa na kibao kipya, kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: TUNATOA VIRUSI KWENYE FLASHI BILA KUFOMATI. Anatoza elfu mbili. Flashi anazikusanya kwenye kopo la maziwa, anamtuma mdogo wake azilete kwangu baada ya chakula cha usiku, na asubuhi kopo linarudi. Nilipomfuata kuulizia fungu langu, alinitazama kwa mshangao wa kweli.

“Mzee, si ulisema hiyo yako ni ya bure?”